Kiwanja cha Familia Pembezoni mwa Kampala

Nyumba ya kambini ni ya kazi, si ya mtu. Siku askari anapokabidhi sare, iwe ni Bombo, Mbuya au katika kota za polisi za Nsambya, ufunguo nao hukabidhiwa, na familia iliyolea watoto watano ndani ya vyumba viwili hutoka na vitanda vyake juu ya lori. Raia waliokaa katika nyumba za umma nao wamekwisha kulionja jambo hili. Mwaka 2011 nyumba za Naguru na Nakawa zilibomolewa, na watu waliokuwa wamezihesabu kuwa kwao kwa miaka mingi walilazimika kutafuta pa kwenda. Ndiyo maana mazungumzo ya viwanja hayakomi kambini. Askari huyazungumza lindoni, na wake zao huyazungumza bombani.

Fedha za kununulia kiwanja aghalabu huja mara moja tu katika maisha. Mmoja huzipata kwa mkopo wa Wazalendo SACCO, kile chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi. Polisi huenda Exodus SACCO. Mwingine hudunduliza posho ya Somalia, ambako Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza mwezi Machi 2007. Na wengi hungoja kiinua mgongo. Kwa vyovyote vile, anayekosea kiwanja cha kwanza hana fedha za kununua cha pili. Kwa hiyo yafaa mume na mke wajue wanachokinunua kabla ya kusikiliza sifa za mahali.

Swali linaloulizwa kila siku ni hili: mtaa upi unapanda bei? Ni swali halali, lakini limetangulizwa mbele pasipostahili. Mji wa Kampala wenyewe umekwisha kujaa, na vilima vya Kololo na Nakasero bei zake hutajwa kwa dola. Huko si kwa mfuko wa koplo. Ukuaji umehamia Wakiso, wilaya iliyokatwa kutoka Mpigi mwaka 2000, ambayo imeuzunguka mji karibu pande zote. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Wakiso watu wapatao milioni 2. Ile ya mwaka 2024 ilihesabu takribani milioni 3.4. Katika muda huohuo Kampala ilitoka milioni 1.5 hadi milioni 1.8 tu. Maana yake ni kwamba watu wanatoka kwenda nje, na wanatoka kwa barabara zote: ya Jinja kupitia Bweyogerere na Seeta, ya Gayaza, ya Bombo kupitia Kawanda na Matugga, ya Hoima kupitia Nansana, ya Mityana hadi Buloba, ya Masaka kupitia Kyengera na Nsangi, na ya Entebbe hadi Kajjansi na kuendelea.

Mwenye kiwanja kizuri katika pete hiyo hana haja ya kuukimbilia mji, kwani mji unamfuata mwenyewe. Hatari yake haimo katika kuchagua Nsangi badala ya Seeta. Hatari imo katika mambo mawili ambayo dalali hayataji mpaka aulizwe: karatasi na maji.

Karatasi za ardhi ya Buganda hazifanani na za mahali pengine popote, na askari aliyezaliwa Gulu, Arua au Mbale hana budi kujifunza upya. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliigawa ardhi kwa maili za mraba, na ndiyo asili ya neno mailo. Kabaka, jamaa zake, machifu na watu mashuhuri walipewa maili zao. Mkulima aliyekuwa akilima hapo tangu babu hakupewa kitu, akajikuta mpangaji juu ya udongo wa kwao. Mwaka 1928 ilitungwa sheria ya busuulu na envujjo, ambayo iliwekea mpaka kodi na tozo za mwenye ardhi na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo. Mwaka 1975 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwa ardhi yote ni ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikalibatilisha tangazo hilo na kutambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa milele, wa mailo, na wa kukodi kwa muda maalumu. Hatimaye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikamtambua mwenye kibanja, yaani yule aliyeingia kwa idhini au kwa sheria za zamani, pamoja na yule aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo.

Matokeo yake ni kwamba juu ya udongo mmoja wanaweza kusimama watu wawili, mmoja ana hati na mwingine ana kibanja, na wote wawili wana haki. Huyu hawezi kumfukuza yule apendavyo. Marekebisho ya mwaka 2010 yanasema mwenye kibanja kinachotambuliwa na sheria hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu tu. Wala mwenye kibanja hawezi kuuza kana kwamba hana mwenzake. Sharti ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na akiuza kwa siri ametenda kosa na anaweza kuipoteza haki yake. Hapo ndipo fedha za askari wengi zinapoangukia. Kibanja huuzwa kwa bei nafuu, mwenyekiti wa LC hupiga mhuri wake, mashahidi hutia saini, soda hunywewa, na mnunuzi hurudi kikosini akiamini amekwisha kuwa mwenye shamba. Mhuri wa LC ni ushahidi kwamba majirani walikuwapo, hauhamishi ardhi. Mwenye hati, ambaye pengine anakaa London au ni mjukuu asiyejua hata mahali lilipo shamba, siku moja hutokea na mpima ardhi.

Kinyume chake nacho kipo. Mnunuzi hupewa hati safi isiyo na doa, akalipa, kisha akakuta watu wanaishi hapo. Hati imehama, lakini watu hawahami nayo. Kwa hiyo macho yasiishie kwenye karatasi. Palipo na makaburi, palipo na mti wa mutuba uliokwisha kubanduliwa gome mara nyingi, palipo na migomba mizee na mibuni yenye shina nene, hapo pana mtu mwenye haki yake, hata ikiwa siku ya kukagua nyumba imefungwa na dalali anasema kuwa wazee hao walikwisha kuhama.

Ardhi ya Kabaka ni fungu jingine. Mali za falme zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na sehemu ya ardhi hiyo husimamiwa na Buganda Land Board. Anayenunua kibanja humo hupata, akifuata taratibu, ukodishaji wa miaka mingi, hapati mailo. Si jambo baya kwa mtu anayetaka kukaa tu na watoto wake, maadamu anajua tangu mwanzo kwamba amenunua miaka.

Njia ya kujikinga haina miujiza. Muuzaji atoe namba ya bloku na ya kiwanja, pamoja na jina la kaunti, iwe Kyadondo, Busiro au Kyaggwe. Mnunuzi aende mwenyewe katika ofisi ya kanda ya wizara ya ardhi inayohusika, ya Kampala, ya Wakiso au ya Mukono, alipe ada na kuomba upekuzi. Daftari litamwambia jina la mwenye hati, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Kisha atafute mpima ardhi wake mwenyewe, asiyeletwa na dalali, akafungue mipaka na kuyaonyesha mawe yalipo. Fedha zilipwe kupitia benki, kwa awamu, na awamu kubwa ingoje saini za uhamisho. Ushuru wa stempu nao, asilimia 1.5 ya thamani, uwekwe pembeni mapema. Wapo wanaoishiwa hapohapo na hati ikabaki katika jina la muuzaji miaka kumi, mpaka muuzaji akafariki na watoto wake wakasema hawajui lolote.

Jambo moja lasemwa hapa kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu huvaa sare. Yuko askari anayenunua ardhi yenye ugomvi kwa bei ya kutupa, akitumaini kwamba hakuna raia atakayethubutu kumgusa. Sare hustaafu, kesi haistaafu. Siku atakapokuwa mzee wa mtaa kama wazee wengine, mpinzani wake atakuwa bado ana hati yake, na mahakama haitauliza alikuwa na nyota ngapi.

Sasa maji. Kampala husifiwa kwa vilima vyake, lakini mwenye fedha kidogo huuziwa bonde. Kati ya kilima na kilima pana ardhi oevu: Lubigi upande wa kaskazini na magharibi, Nakivubo kuelekea ziwani, Kinawataka na Namanve upande wa mashariki. Mvua ya vilima vyote hivyo hushukia humo. Katiba imeweka ardhi oevu, maziwa na mito chini ya serikali kuwa amana ya wananchi, na mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua hati zilizotolewa ndani ya ardhi oevu zifutwe. Watu waliendelea kununua. Mwezi Juni 2024 Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba zilizojengwa ndani ya Lubigi, na familia zikakaa nje na magodoro yao. Miongoni mwao walikuwamo waliodai kuwa na karatasi za mauzo. Hasara ya namna hiyo haina fidia, kwani mbele ya sheria kilichouzwa hakikuwa mali ya muuzaji.

Bonde hujificha. Wakati wa kiangazi hukauka, malori humwaga kifusi chekundu, mitaro midogo hukatwa, na katika wiki tatu mahali palipokuwa na mafunjo hugeuka viwanja vilivyopangwa mistari. Mwenye macho huona. Magimbi yaliyostawi kando ya njia hayapendi mahali pakavu. Mikaratusi iliyopandwa safu kwa safu aghalabu imepandwa ili ikaushe maji. Ukuta wa jirani wenye mstari wa tope kwa urefu wa goti umekwisha kusema kila kitu. Kwa hiyo kiwanja kikaguliwe mara mbili, na mara moja kati ya hizo iwe mwezi wa Aprili au Novemba, asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Chukua mfano wa sajini aliyeko Mogadishu, ambaye amemtuma mkewe kutazama kiwanja. Dalali amevaa viatu vinavyong'aa.

“Mama, hapa ni pazuri sana. Wakubwa wote wanapatafuta. Mwakani lami inapita hapa.”

“Asante, mwanangu. Maji ya mvua ya hapa huelekea wapi?”

“Maji?”

“Yale ya kilima kile.”

Dalali akikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga, mama huyo amekwisha kupata jibu, na nauli yake ya teksi haikupotea. Watoto wa shule nao ni mashahidi wema. Ukiwauliza ni siku zipi huvua viatu njiani, hawana faida ya kusema uongo.

Ziwa lina sheria yake. Mita 200 kutoka ukingoni ni eneo la hifadhi, na mwezi Mei 2020 ziwa lenyewe lilikumbusha sababu: Nalubaale lilifika kimo cha mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na nyumba na mahoteli ya Ggaba, Munyonyo na Entebbe yakaingiliwa na maji. Mandhari ya ziwa ni kitu kizuri cha kutazama kutoka juu.

Wala usitazame chini tu. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini ya mji, uliporomoka baada ya mvua na kuzifunika nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 30 walifariki. Jaa hilo lilikuwapo tangu mwaka 1996, na wengi walijenga kando yake kwa kuwa viwanja vilikuwa rahisi. Bei iliyo chini mno kuliko ya majirani ina sababu, na ni kazi ya mnunuzi kuitafuta mpaka aipate.

Yakiisha mambo hayo mawili, ndipo mtaa unapochaguliwa, na hapo kazi ni nyepesi. Barabara ndiyo inayopandisha bei. Barabara ya mzunguko ya kaskazini, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa mwaka 2009, na Najjera, Kyaliwajjala na Kira, ambako watu walikuwa wakilima viazi, zikawa miji. Naalya ilikwisha kutangulia kwa nyumba za Shirika la Taifa la Nyumba. Aliyenunua huko kabla ya barabara alifanya vema. Anayenunua leo analipia barabara ambayo imekwisha kuwapo. Mwenye fedha za wastani atatoka mbele kidogo kuliko mahali pa sifa, ambako umeme na bomba la maji vimefika lakini maduka makubwa bado. Umeme na bomba viwe vimefika kweli. Nguzo zilizolala kando ya njia si umeme.

Barabara ya kasi ya Entebbe imewadanganya wengi. Ilifunguliwa mwaka 2018 na tangu Januari 2022 hutozwa ada. Kiwanja kinachoonekana kutoka barabarani husifiwa kwamba kiko dakika kumi kutoka mjini, lakini barabara hiyo haina mlango kila kijiji. Huingiwa mahali pachache, kama Busega, Kajjansi na Munyonyo, na mwenye kiwanja kati ya milango hiyo atazunguka kwa boda boda katika vumbi huku akiyatazama magari yanavyopita. Kadhalika ardhi iliyo katika njia ya barabara inayotarajiwa isinunuliwe kwa tamaa ya fidia. Fidia humngoja mwenye karatasi kamili, na humngoja kwa muda mrefu.

Umbali upimwe kwa saa, tena saa za alfajiri. Familia ya Bombo inafaa kutazama Matugga na Kawanda kabla ya kwenda Mukono. Afisa wa polisi wa Naguru atafika kazini mapema zaidi akitokea Kira au Bweyogerere kuliko Kyengera, ambako magari ya Masaka husimama foleni tangu kabla ya jua. Watoto watasoma wapi, mjamzito ataenda zahanati ipi usiku: hayo ni maswali ya mama, na yamewaokoa akina baba wengi.

Mama mwenyewe ana nafasi katika sheria, si katika hisani ya mumewe tu. Ardhi ambayo familia hukaa au kupatia riziki yake haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Kwa hiyo mnunuzi adai saini ya mke wa muuzaji, na aone kwa macho yake mama huyo akitia saini, kwani wapo wanaoleta dada. Na nyumbani kwake pia afanye haki hiyohiyo: majina mawili kwenye hati. Ubishi juu ya jambo hili husikika sana kambini, lakini askari aliye vitani anajua kuliko mtu yeyote kwa nini jina moja halitoshi.

Wengi hupenda kujenga vyumba vya kupangisha, vile ambavyo Waganda huviita mizigo, na kwa Mswahili jina hilo lina onyo ndani yake. Karibu na viwanda vya Namanve au karibu na vyuo, vyumba havikosi mtu. Lakini kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho ni kama desimali 11 na nusu ingawa madalali hupenda kusema zaidi, kikijengwa vyumba kila upande hakina pa choo wala pa kuanikia nguo. Vyumba viwili vitatu kando ya nyumba ya familia hulipa ada za shule na bado watoto wana uwanja wa kuchezea. Kodi ya serikali ikumbukwe pia: tangu mwaka 2022 mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na gharama za ukarabati hazipunguzwi humo.

Kiwanja kikiisha kununuliwa kisiachwe kitupu. Ardhi isiyo na mtu huuzwa mara ya pili, na mara ya tatu. Mke wa sajini, baada ya hati kutoka, alipanda luwaanyi kwenye mipaka yote minne, jiwe hadi jiwe, kama wafanyavyo wenyeji, akatia maharage na migomba katikati. Hati aliiweka benki, nakala moja akampa kaka yake, nyingine akaiweka ndani ya sanduku kambini. Kila Jumamosi hupanda teksi kwenda kupalilia. Majirani wakiulizwa shamba lile ni la nani, hutaja jina lake kabla ya la bwana.